Sura ya Tisa: Isale la Mashine

Inspekta Aristides alifungua kufuli la karakana, akausukuma mlango kwa goti, kisha akasimama pembeni ili Koplo Justina atangulie. Haikuwa heshima. Alitaka kumwona usoni atakapoingia.

Justina alipita juu ya ubao uliolazwa kwenye tope la mlangoni, akaingia. Hakutazama sakafuni, pale mwili wa kaka yake ulipokutwa Jumamosi. Alikwenda moja kwa moja mezani.

"Una asubuhi hii tu," Inspekta alisema. "Mchana nalifunga jalada. Ajali kazini. Daktari amesema umeme, rafiki wa marehemu amesema umeme, na hata mimi niliyefeli fizikia naona ni umeme."

"Sibishi kuwa ni umeme, afande. Nataka kujua nani aliutuma."

Inspekta alivuta stuli, akakaa, akatoa karanga mfukoni.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na mtaa mzima wa Soweto, hapa Moshi, uliijua. Vedastus, fundi redio, alikuwa na karakana hii pamoja na Remigius, kijana waliyekua pamoja Kibosho, vihamba vyao, yale mashamba ya migomba ya ukoo, vikigusana. Alhamisi, kwa maelezo ya Remigius mwenyewe, bisibisi ilimponyoka ikaangukia katikati ya vichwa viwili vya pawa saplai, chekundu na cheusi. Ile ndiyo mashine ya mezani iliyochukua umeme mkubwa wa ukutani na kutoa mdogo wa kujaribia redio. Ikapiga shoti, ikazima. Ijumaa usiku Vedastus akabaki peke yake kuitengeneza. Asubuhi yake Remigius akamkuta chini, amekwisha kupoa, mashine iko wazi mezani na plagi iko ukutani. Mazishini Remigius alilia kuliko ndugu wa damu.

Na alikuwa amepeleka isale.

"Nieleze tena hilo jani," Inspekta alisema, akipuliza maganda. Yeye alikuwa mtu wa Bukoba, na miaka yake mitatu Moshi haikutosha. "Lile linalopandwa kwenye mipaka ya mashamba?"

"Hilohilo. Mtu akikukosea sana, kosa la damu au la ardhi, anakuja na isale mkononi. Analitaja kosa lake, anakupa. Ukilipokea umesamehe. Humdai tena, humshitaki, humsemi."

"Na ukikataa?"

"Wazee wetu hawakatai, afande. Baba amelipokea. Ndiyo maana hataki kukuambia alichosikia kwa Vedastus."

"Alisikia nini?"

"Ningekuwa nakijua nisingekuwa hapa. Vedastus alinipigia simu Arusha mwezi uliopita. Alisema ana jambo zito la Remigius, kwamba amemweleza baba, na mimi ataniambia nikija Pasaka. Nimekuja kabla ya Pasaka, ila yeye hakuningoja."

Alivua sweta, akalitundika msumarini. Huko Arusha, kabla ya kuhamishiwa upelelezi, Justina alikuwa akitengeneza redio za upepo za magari ya polisi. Na kabla ya hapo Vedastus alikuwa amemfundisha kulehemu, jikoni kwa mama yao, kwa chuma kilichopashwa kwenye makaa.

"Nataka apande kizimbani," alisema bila kugeuka. "Nikilikosa hilo, sijui nitafanya nini. Nawe afadhali usijue."

"Fanya kazi, Koplo."

Vedastus alikuwa na utaratibu wake wa mashine iliyopiga shoti, na hakuuvunja hata mteja akipiga kelele mlangoni: macho, pua, mita, kisha balbu. Justina aliufuata hivyohivyo.

Mashine ilikuwa sanduku la bati nene, la kijivu, Vedastus aliliunda mwenyewe. Kifuniko kilikuwa kimeegemezwa ukutani. Justina aliangalia ndani kwa tochi. Hakuna waya ulioungua, hakuna kapasita iliyovimba. Akaingiza pua. Harufu ya kuungua haikuwepo. Kulikuwa na harufu ya lehemu mpya.

Aligeuka haraka. "Afande, hii mashine labda haijapiga shoti kabisa. Remigius ametunga."

"Hakikisha."

Akaanza kufungua makopo ya vipuri, moja baada ya jingine. Katika kopo la Kimbo lililokuwa chini ya meza alikuta transista moja kubwa, ya chuma, yenye umbo la kofia. Aliishika kwa ncha za mita. Sindano iliruka hadi mwisho. Akageuza ncha, sindano ikaruka vilevile. Transista nzima hupitisha umeme upande mmoja tu. Hii ilikuwa imepasuka ndani, inapitisha kote kama kipande cha msumari.

Aliiweka transista mezani.

"Vipi?" Inspekta aliuliza.

"Ni ya mashine hii. Imekufa kwa shoti. Shoti ilikuwepo kweli."

"Basi Remigius hakudanganya."

"Hapo hakudanganya." Maneno yalimtoka kwa shida, kana kwamba anang'oa jino.

Inspekta alitazama saa yake, makusudi, ili aonekane. Lakini Justina alikuwa ameligeuza sanduku, anaangalia mgongoni, mahali transista hiyo hukaa. Hapakuwa tupu. Palikuwa na transista nyingine, inang'aa, imelehemiwa vizuri, imepakwa chini yake yale mafuta meupe ya kupoza joto. Na fyuzi nayo ilikuwa mpya, kioo chake safi.

"Afande, ugonjwa ulikwisha kutibiwa. Vedastus alimaliza kazi."

"Alimaliza kulehemu. Labda akawa anajaribu, kifuniko bado hajarudisha, akapitiwa mkono ndani."

Lilikuwa wazo zuri, na Justina alimheshimu kwa hilo. "Njoo uingize mkono wako."

"Aka! Wewe unanichukia kiasi hicho?"

"Plagi ninayo mimi mkononi, afande. Ingiza."

Inspekta alijifuta vidole kwenye suruali, akaingiza mkono taratibu kama mtu anayetafuta mayai kwenye kiota asichokiamini. Akapapasa. Kila mahali umeme wa ukutani ulipopita, kuanzia waya unapoingia mpaka kwenye transfoma, palikuwa pamefungwa mpira mweusi, tabaka juu ya tabaka.

"Alifunga hivi tangu alipoiunda," Justina alisema. "Huko ndani, ukishika popote penye waya wazi, unashika umeme mdogo uliokwisha kupunguzwa. Hauui hata panya. Mtu hawezi kufa kwa kuingiza mkono humo. Daktari alisema alama ya kuungua ilikuwa wapi?"

"Kiganjani. Mkono wa kulia." Inspekta alifikiri kidogo, akaongeza, "Mstari. Mstari ulionyooka."

Justina alichukua kifuniko, akakirudisha juu ya sanduku, akaweka kiganja chake juu. Ukingo wa bati ulipita katikati ya kiganja chake, mstari ulionyooka.

Inspekta aliacha kutafuna.

"Kifuniko kilikuwa kimefungwa," Justina alisema. "Sanduku lenyewe, kwa nje, lilikuwa na umeme. Mtu alikifungua baadaye ili sisi tuone tulichoona."

"Au transfoma inavujisha umeme kwenye bati. Hilo nalo hutokea, hata pasi ya kwangu inanitekenya."

"Ndiyo, hutokea. Ngoja."

Alipima kutoka miguu miwili ya plagi inayobeba umeme hadi kwenye bati. Sindano haikujisumbua. Akapima tena huku akitikisa waya. Sindano ikabaki imelala. Hakuna kilichovuja.

Ikabaki balbu. Vedastus alikuwa ameifunga kwenye kibao chake, balbu ya kawaida ya nyumbani, na kila mashine iliyotoka matibabuni alipitisha umeme wake kwanza kwenye balbu hiyo. Ikiwa shoti bado imo, balbu huwaka kwa nguvu zote na mashine inasalimika. Ikiwa imepona, balbu humeta mara moja, kisha hufifia. Justina alichomeka. Balbu ikameta. Ikafifia mpaka ukabaki uzi mwekundu tu ndani ya kioo. Sindano ya sanduku ikapanda hadi kumi na mbili, ikatulia. Aliunganisha redio ndogo ya mteja iliyokuwa imeachwa mezani, moja ya zile za Dubai zilizojaa Moshi siku hizo. Mtangazaji wa mpira akalipuka katikati ya sentensi.

"Zima," Inspekta alisema polepole.

Akazima. Kisha akachomoa, akaiweka plagi mezani, akaifungua.

Nyaya zote tatu zilikuwa mahali pake: wa kahawia wenye moto, wa bluu, na ule wa kijani na njano unaotoka kwenye bati la sanduku kwenda ardhini ili mtu asidhurike. Vedastus alikuwa na mtindo wa kuchovya ncha za nyaya kwenye lehemu ili zisichanuke. Justina alizitoa ncha hizo, akaziweka chini ya tochi.

"Afande, njoo karibu. Wa bluu una shimo moja la skrubu. Wa ardhini una mashimo mawili. Umebanwa hapa, na umebanwa kwingine. Sasa tazama huu wa kahawia. Ubavu wake umebonyea. Lehemu ni laini, inashika alama. Ulibanwa pamoja na waya mwingine, tundu moja, skrubu moja."

"Sema Kiswahili."

"Mtu alitoa waya wa ardhini, ule wa kumlinda mtu, akaufunga pamoja na wenye moto. Vedastus alipowasha na kushika sanduku, alishika umeme wote wa ukutani. Baadaye mtu huyo aliurudisha waya. Alama hakuweza kuzirudisha."

Inspekta alisimama. Alitembea mpaka mlangoni, akatazama nje kwenye mvua iliyokuwa ikianza, kisha akatazama chini alipokanyaga.

"Na huu ubao?"

Justina alimfuata. Aliuona sasa kwa mara ya kwanza, ingawa aliupita asubuhi. Ubao mzito wa msonobari, mrefu kama mlango wa kabati. Aliuinua, akaugeuza. Upande wa chini, uliolala kwenye tope, ulikuwa na alama mbili zilizochimbika, nyayo za mtu aliyesimama pale miaka.

"Huu ni wa ndani, afande. Alisimama juu yake akifanya kazi. Sakafu hii hulowa kila masika, na ubao mkavu ndio unaomkinga mtu umeme usimpitie kwenda ardhini. Mliukuta hapa mlangoni?"

"Jumamosi ulikuwa hapahapa. Remigius alituambia, 'Piteni juu ya ubao, wakubwa, msichafue viatu.'"

Mvua ilipiga bati. Justina aliushika ubao ule kama mtu aliyeshika mtoto aliyelala.

"Hii inatosha kumkamata," alisema.

"Inatosha kusema kuna mtu. Haitoshi kusema ni yeye. Wakili atauliza: kwa nini Remigius amwue rafiki yake? Na sababu hiyo iko mdomoni mwa baba yako, na mdomo umefungwa kwa jani." Inspekta alivaa kofia. "Nitamwita Remigius hapa alasiri. Panda Kibosho. Rudi na mzee, au rudi na sababu. Ukirudi mikono mitupu, nafunga jalada."

Akatoka nje, akasimama kwenye baraza kungoja mvua ipungue. Justina aliulaza ubao topeni kama ulivyokuwa, Remigius asishtuke, akarudi mezani kufunga plagi. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake. Waya wa kijani ulikuwa umelala pembeni mwa tundu la wenye moto, na Remigius angefika alasiri. Kazi yenyewe ingechukua muda wa kumenya ndizi.

"Koplo," Inspekta aliita kutoka nje, bila kugeuza kichwa.

"Najua, afande."

Aliurudisha waya wa kijani mahali pake, akakaza skrubu mpaka kidole kikauma.

*

Mzee Athanas alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya kaburi jipya, katikati ya migomba. Udongo ulikuwa bado umevimba, na maua ya mazishini yalikuwa yameshalowa na kulala.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Kuna ndizi jikoni." Aliendelea kukata. "Ng'ombe hawajui msiba, wanalia tu. Na wewe usinianzie tena yale ya jana, Justina. Nimepokea isale. Kijana alipiga magoti. Mimi si mtoto, nitoe na kunyang'anya."

"Sijaja kukuambia uvunje."

"Unataka nini sasa?"

"Nataka kujua alisemaje alipolileta. Alilitaja kosa?"

"Atalileta bila kutaja? Alilitaja. Alisema, 'Baba, nimeunguza mashine ya Vedastus.'"

"Basi? Hakutaja kifo?"

"Kifo gani? Veda si alikuwa hai?"

Mundu ulisimama hewani.

Justina alimwacha baba yake alisikie neno lake mwenyewe. Mvua ya juu ya migomba ilikuwa ikidondoka tone moja moja, na zizini ng'ombe alilia.

"Alikuja lini, baba?"

"Ijumaa." Mzee alishusha mundu. "Ijumaa mchana. Nilikuwa sijala. Nilimcheka, mwanangu. Nilimwambia, wewe Remigius, isale kwa ajili ya mashine? Hili ni jambo la kumnunulia mwenzako kata ya pombe ya mbege mkacheka. Akang'ang'ana. Akapiga magoti pale, kwenye kokoto. Akasema, 'Baba, pokea tu, na lolote litakalotoka kwenye mashine ile, nisidaiwe.' Nikadhani kijana ana moyo laini. Nikapokea."

"Na Jumamosi, habari ilipofika?"

"Nilimhurumia!" Sauti ya mzee ilipanda na kuvunjika. "Nilisema, masikini, moyo wake ulimwambia mapema. Siku zote hizi nimemhurumia. Amekula ugali wangu matangani. Amelibeba jeneza."

Alikaa juu ya fungu la majani. Akaibana mikono katikati ya magoti.

"Ijumaa jioni Veda alikuwa wapi?" Justina aliuliza.

"Si Kwaresima? Kwenye Njia ya Msalaba. Hajawahi kukosa."

"Na Remigius alijua. Alishuka kutoka hapa, karakana ikiwa tupu, akafunga waya mahali pasipo pake, akatoa ubao wa kusimamia. Veda akarudi kutoka kanisani akawasha mashine aliyoiponya kwa mikono yake." Justina alichuchumaa mbele ya baba yake, akamwangalia machoni. "Baba, siku ile ulisamehe nini?"

"Mashine."

"Mashine ile ni nzima. Nimeiwasha leo asubuhi, imeimba. Veda aliitengeneza kabla hajafa. Hakuna kosa la mashine. Umeshika jani ambalo halina kitu ndani yake."

Mzee Athanas aliuchukua mundu, akaupangusa kwenye majani pande zote mbili, akauchomeka kwenye shina la mgomba. Aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti la mazishi, na mkononi alikuwa na isale. Lilikuwa bado la kijani, limenyauka kidogo nchani tu.

"Sababu ninayo," alisema. "Twende."

*

Remigius alifika karakana akiwa na kitambaa cheusi begani. Alimkuta Inspekta amekaa kwenye stuli yake na Justina amesimama mezani. Mzee Athanas alikuwa kwenye kona, mikono nyuma.

"Shikamoo baba," Remigius alisema, akiinama.

Mzee hakuitikia.

Salamu ilining'inia pale katikati ya chumba. Remigius alimtazama Justina, akajaribu kutabasamu. "Pole, dada. Wazee wamechoka na msiba."

"Amechoka, ndiyo," Justina alisema. "Hatutakuweka. Inspekta anataka kufunga jalada, anahitaji tu kuona mashine inavyowashwa. Imeshapona, unajua?"

"Imepona?"

"Veda aliitia transista mpya. Hukujua?"

"Mimi... aliniambia atajaribu. Sikujua kama alimaliza."

"Alimaliza. Hebu lishike sanduku hapo juu, kwa kiganja, lisiteleze nikichomeka. Meza yenyewe inacheza."

Remigius alinyoosha mkono, kisha mkono ukasita. Alikuwa na viatu vya ngozi, na viatu vilikuwa vimelowa, na sakafu ilikuwa imelowa. Macho yake hayakwenda kwenye sanduku. Yalikwenda kwenye plagi iliyokuwa mkononi mwa Justina, yakabaki huko.

"Mmeifungua plagi?" aliuliza.

Inspekta aliinua kichwa. "Nani amesema habari ya plagi?"

"Mimi ni fundi, afande. Lazima niangalie plagi."

"Ulituambia alikufa kwa kuingiza mkono ndani ya sanduku. Fundi aliyemkuta rafiki yake amekufa hivyo angetazama ndani ya sanduku. Wewe unatazama waya ambao hakuna mtu aliyeutaja."

"Ni tahadhari tu."

"Basi shika," Justina alisema. Hakupandisha sauti. "Waya wa ardhini uko mahali pake. Uliurudisha mwenyewe, huniamini mimi au hujiamini wewe? Shika, Remi. Kama Veda alivyoshika."

Remigius alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga rafu, vipuri vikalia kwenye makopo.

Justina alisubiri. Aliiacha hofu ile imkae usoni, ikae vizuri, na hakuona haya kuifurahia. Kisha akachomeka plagi, akaweka kiganja chake mwenyewe juu ya sanduku, akawasha. Sindano ikapanda hadi kumi na mbili. Redio ya mteja ikaanza kuimba kwaya ya watoto.

"Ni nzima," alisema. "Baba, umeona?"

"Nimeona."

Mzee Athanas alitoka kwenye kona. Alipitisha mkono mbele, isale likiwa kwenye vidole viwili, akaliweka mezani mbele ya Remigius, kando ya sanduku lililokuwa likiimba.

"Uliniletea hili kwa ajili ya mashine," alisema. "Mashine imepona. Sina kitu chako tena. Chukua."

Remigius alianguka kwa magoti, akalishika isale kwa mikono miwili, akamrudishia mzee, akimsukumia kwenye koti. Mzee alirudisha mikono nyuma.

"Baba, ulipokea! Ulipokea mwenyewe! Nilisema lolote litakalotoka kwenye mashine, na wewe ukapokea! Huwezi kulirudisha!"

"Halikutoka kwenye mashine. Lilitoka mkononi mwako."

"Angenifukuza, baba! Mbele ya wazee, mbele ya mama yangu! Kwa vipuri! Kwa vijikapasita! Ulipokea!"

Alisikia alichokisema. Alifunga mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshafika kwa Inspekta, ambaye tayari alikuwa amesimama.

Justina alizima mashine. Katika ukimya ule mzee aligeuka.

"Inspekta, uliniuliza nikakataa. Sasa andika. Mwanangu aliniambia kwamba huyu anafungua redio za watu, anatoa vipuri vizima, anauza, anaweka vilivyokufa. Alisema Pasaka atamleta mbele ya wazee wa koo zote mbili aseme mwenyewe. Huyu alijua. Mimi nilimwambia Veda amwonye kwanza, ampe nafasi." Alimtazama Remigius. "Akamwonya. Hilo nalo liandike."

"Litaandikwa, mzee."

Inspekta alimwinua Remigius kwa kwapa, akamfunga pingu. Isale lilibaki sakafuni, kwenye unyevu. Justina hakuliokota, wala mzee hakuliokota.

Walipofika mlangoni, nje tope lilikuwa limejaa, maji ya masika yakitiririka toka juu kupita katikati ya nyumba. Watu walikuwa wameanza kukusanyika barabarani. Remigius aliinua mguu aukanyage ubao.

"Ngoja," Mzee Athanas alisema.

Alipita mbele yao, akainama kwa shida, akauinua ubao kutoka kwenye tope. Aliugeuza, zile nyayo mbili zikatazama juu, akazipangusa kwa mkono wa koti lake la mazishi. Kisha akaukumbatia, akasogea pembeni.

"Huu ni wa mwanangu," alisema. "Yeye apite hapo."

Na Remigius akashuka kwenye tope na viatu vyake, likamfika kwenye vifundo, mbele ya Soweto nzima. Justina alisimama mlangoni akihesabu kila hatua mpaka gari la polisi lilipofungwa mlango.